Tairi za Bibi

Wiki iliyopita nilipeleka gari kwa fundi pale Korogwe mjini. Akaliangalia, akaniambia, "Dada, tairi za mbele zimeanza kuliwa. Tuzipeleke nyuma, za nyuma zije mbele, utakaa nazo sana. Niachie, urudi alasiri." Nikamwambia nitasubiri. Nilisimama juani mpaka akakaza nati ya mwisho. Alidhani nina haraka. Wewe acha nikueleze.

Nimelelewa Kilole kwa bibi, mzaa mama. Babu alipofariki aliacha pikapu, na mama mdogo ndiye aliyeiendesha kufuata mahindi yetu shambani Handeni. Barabara ile wakati huo ilikuwa ya vumbi na mawe, inatafuna tairi kweli kweli. Jirani yetu alikuwa na pikapu ya aina ileile, akibeba mizigo ya watu hadi Dindira. Hakuwa ndugu, lakini sisi watoto tulimwita mjomba, na bibi alimwita mwanangu.

Kila baada ya miezi kadhaa, Jumapili asubuhi, alikuja na jeki yake kuzungusha tairi zetu. Hakutaka malipo. Bibi alisonga bada, ugali wa muhogo, na kukaanga samaki, harufu yake ikachanganyika na ya grisi, nasi tukiviringisha magurudumu uani, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele, tukigombania lipi la nani. "Zikibadilishana nafasi zitazeeka pamoja," mjomba alizoea kusema. Nilipenda alivyozisema tairi kama watu.

Mwaka mmoja mavuno yalikuwa mazuri, bibi akanunua tairi mpya zote nne. Siku zilezile tulikuwa tunapaka mlango rangi, na mdogo wangu akamwagia tairi moja rangi ya bluu. Bibi alisugua kwa mafuta ya taa, doa likabaki. Zamu ya kuzizungusha ilipofika, mjomba aliacha pikapu juu ya mawe, akazibeba zote kwake, eti akazikague vizuri. Jioni alizirudisha na kuzifunga, zinang'aa kwa dawa nyeusi. Doa halikuonekana tena. Bibi alimshukuru, akampa kuku.

Haukupita muda, tairi ya mbele ikapasuka njiani kutoka Handeni. Pikapu ikaingia mtaroni na magunia yake. Wafugaji waliokuwa wakichunga karibu ndio waliomtoa mama mdogo, mkono umevunjika. Habari ilipofika nyumbani, mjomba ndiye aliyetupakia mimi na bibi kwenye gari lake kutupeleka hospitali. Njia nzima alikuwa akisema, "Tulia mama, atapona."

Tuliposhuka, bibi aliinama kuokota kandambili iliyomvuka mguuni. Akabaki ameinama. Mbele ya macho yake, kwenye tairi ya mjomba, lilikuwapo doa la bluu.

"Mwanangu, hii tairi ni ya nani?"

Mjomba alitazama pembeni. "Mama, mimi ndiye mwenye safari nyingi. Gari lenu linatoka mara moja moja. Niliona zitakaa bure tu."

"Na hizo ulizotufungia?"

"Zilikuwa zimeliwa kidogo, kwa ndani. Nilijua zitawafaa."

Bibi hakupandisha sauti. "Mwanangu yumo humo ndani, amevunjika mkono," alisema. "Wewe nenda."

Kesho yake tulikuta tairi zetu zimeegemezwa ukutani. Pikapu yenyewe haikutengenezeka tena. Bibi hakumshtaki popote, hata kwa balozi wa nyumba kumi. Alifunga tu kijilango cha ua kilichokuwa kati yetu.

Miaka mingi baadaye bibi alifariki, na mjomba akaja msibani. Alilia sana. Nilimsikia akiwasimulia wageni waliotoka Handeni jinsi alivyomtunzia marehemu gari lake bila kudai hata senti, nao wakamwombea kheri. Mama mdogo alikuwa akipita na birika la chai, amelishika kwa mkono wa kushoto kwa sababu ule mwingine haukunyooka tena. Alisikia. Akammiminia na yeye chai, akapita.

Jumapili zile nilizipenda kuliko sikukuu. Nyumba ile sasa ina wapangaji, ua umebomolewa, na sijui mtu anayesonga bada asubuhi. Hayo nayavumilia. Lakini nikijaribu kukumbuka tulivyokuwa tukicheka, namwona mjomba amechuchumaa penye gurudumu anatutania, na najikuta namtazama macho yake yanakoangalia. Sijui ni Jumapili ipi alikuja kwa ajili yetu, na ipi alikuja kwa ajili ya tairi.