Kinyozi na Waridi la Mkewe

Mtaani walimwita Wembe. Ukali hakuwa nao hata chembe. Jina lilitokana na kazi yake ya kunyoa, aliyoifanya katika chumba cha mbele cha nyumba yake, penye kiti kimoja cha kuzunguka na kioo kilichopasuka pembeni. Chumba cha pili alilala na mkewe. Nyuma kulikuwa na ua mdogo, na huko mke ndiye aliyekuwa serikali. Alikuwa na waridi la kutambaa, la kizamani, lenye maua ya rangi ya maziwa, lililoparamia ukuta wa ua mpaka likazunguka dirisha la chumba chao.

Lilichanua mara moja tu kwa mwaka, na Wembe hakuchoka kumtania mkewe.

"Linakula mwaka mzima, linafanya kazi wiki mbili. Lingekuwa kinyozi wangu ningelifukuza."

"Mbona wewe sijakufukuza?" mkewe alimjibu.

Ugonjwa ulimwingia mama huyo kifuani kama mgeni anayesema hakai. Ulipokaa, hakuweza tena kwenda uani, na waridi likakosa mwenyewe. Vidukari, vijidudu vya kufyonza utomvu, vikajazana kwenye machipukizi, majani yakajikunja na kunata, masizi meusi yakatanda juu yake. Sisimizi wakawa wanapanda na kushuka kama watu wa sokoni.

"Vidukari dawa yake sabuni, baba," mkewe alimwelekeza kutoka kitandani. "Povu kidogo kwenye maji, unavipulizia asubuhi, unarudia tena na tena. Mkasi baadaye."

Wembe akaitikia. Hakuuliza baadaye ya nini.

Pumzi zilipozidi kuwa fupi, mkewe alilazwa hospitali, na mdogo wake wa kike akaenda kumuuguza. Wembe akabaki na nyumba iliyonyamaza. Alipuliza sabuni, vidukari vikapungua, vikarudi. Mikono iliyozoea kukata haina subira, naye alitaka mkewe akirudi akute kitu kimetengenezwa. Kichwa chenye chawa hakichanwi, alijiambia, kinanyolewa. Akachukua mkasi. Kufika jioni ukuta ulikuwa mtupu, yamebaki mashina yaliyofika gotini, na mikono yake imechanwa na miiba mpaka viwikoni.

Mgonjwa alirudishwa. Daktari alisema nyumbani atapumzika vizuri zaidi, na wote walielewa maana ya maneno hayo. Walipomkalisha dirishani alitazama ukuta kwa muda.

"Umelinyoa upara," akasema, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

"Limetakata lakini," Wembe alisema, naye akicheka kwa faraja ya kumwona anacheka.

"Limetakata kweli."

Mdogo wake akafungua kinywa aseme neno. Mgonjwa akamwomba maji.

Waridi likachipua kwa nguvu, fito ndefu za kijani, safi. Kila asubuhi kabla ya kufungua kazi, Wembe alikwenda kutafuta tumba, asilione. Siku moja alikuwa akimnyoa muuza miche, akamuuliza.

"La kizamani?" muuza miche alisema, amefumba macho. "Hilo hubeba maua kwenye fito za mwaka uliopita. Ukizikata kabla halijachanua, umeyakata na maua. Subiri mwakani."

Wembe akakiweka kiwembe chini. Alimwacha mteja na povu shavuni, akaingia ndani.

"Nimekukatia maua yako," alimwambia mkewe.

"Najua."

"Toka lini?"

"Toka mliponikalisha hapa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema iwe nini, baba? Nilikuona mikono ile. Nikasema, huyu mtu kanihangaikia." Wembe akaketi chini akalia, akiwa bado na kitambaa cha kazi begani. Mkewe akamwekea mkono kichwani. "Nenda kammalizie mtu shavu."

Tangu hapo akawa anamfundisha kupitia dirishani. Fito ndefu zisisimame wima, zilazwe na kufungwa kwenye waya, ndipo zitoe matumba mengi. Zilizokwisha kuchanua ndizo zikatwe, changa ziachwe. Wembe alifunga, akafungua, akafunga tena, hadi kile kichwa dirishani kikubali. Siku nyingine kichwa kilikuwa kimelala kabla hajamaliza.

Mkewe alifariki asubuhi, Wembe akiwa uani na maji ya sabuni. Shemeji yake alimwita mara moja tu, kwa sauti ya chini, naye akajua.

Mwaka uliofuata waridi lilichanua kuliko miaka yote. Wapita njia wa kichochoro cha nyuma walisimama, majirani wakaja kumpongeza, wakisema marehemu angefurahi. Wembe aliwashukuru. Shemeji alipokuja kumjulia hali, alikuta pazia la chumba cha kulala limefungwa.

"Shemeji, watu wanatoka mbali kuja kuliona, wewe mwenye nyumba unajificha?"

"Nitafungua jioni."

Jioni hakufungua, wala siku zilizofuata. Petali zilipokwisha kuanguka zote, alizifagia, akatafuta ngazi, akaanza kukata fito zilizochanua, mmoja mmoja, akisimama kila mara kuangalia upi ni mchanga. Shemeji alimshikia ngazi. Alipoona yule mtu ametulia juu kule muda mrefu, mkasi mkononi, alikaza mikono kwenye ngazi. Aliendelea kushika tu.