Nilibaki Biharamulo kunyoosha nyota za maelezo ya mashine, wakwe wakanisubiri Mugoma

Wakuu, kuna "hapana" moja niliyotakiwa kuisema Biharamulo enzi za ujamaa, sikuisema.

Bwana mmoja wa ofisi ya wilaya aliniambia, "Kijana, ukitaka, baki kesho upige upya, hizo nyota zikae mstari mmoja." Nikamjibu, "Sawa, mzee."

Habari zenu. Wadogo zangu, marahaba kabisa. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na waliobaki hai kijijini kwetu Ntobeye bado wananicheka.

Nimesoma mnavyogombana humu kuhusu kuandika documentation ya software kwa markdown: nyota, alama za reli (#), maandishi matupu yasiyo na mapambo. Nimecheka hadi chai ikanipalia. Vijana, mimi niliyafanya hayo kwa taipureta!

Kijiji chetu kilipata mashine ya dizeli ya kusaga mahindi. Kitabu chake kilikuwa cha Kizungu, kila mtu akawa anaiwasha anavyojua. Kwa kuwa nilimaliza form four, nikaambiwa niandike maelezo ya Kiswahili.

Taipureta ya shule haikuwa na herufi nzito wala za mlalo. Nikajitungia utaratibu. Kichwa cha habari, vistari chini yake. Hatua, nyota moja. Hatari, nyota mbili. Mtu angeweza kunakili hata kwa mkaa ukutani.

Yaani README kamili, lile faili lenu la maelezo!

Sasa njooni kwenye raha. Darasa la kisomo cha watu wazima halikuwa na vitabu, wakachukua maelezo yangu. Mngewasikia akina mama kwa sauti moja: "Nyota nyota! Usitie mkono kwenye mkanda!"

Nikasema, "Mama zangu, nyota hazisomwi."

Bibi Skolastika, mmoja wa wanafunzi, akanitazama. "Mwalimu, kama hazisomwi, umeziandika za nini?"

Darasa zima hoi. Aliyecheka kuliko wote ni Domitila, binti kutoka kijiji cha Mugoma aliyekuwa akifundisha kisomo pale. Nilipenda hapohapo, sina la kujitetea. Hata mahindi ya nyumbani nikawa napeleka kusaga kidogo kidogo, ili nipite darasani kwake mara nyingi.

Nikamtamkia, akakubali. Mshenga akaenda, siku ikapangwa: Jumamosi, tupeleke pombe ya ndizi kwao. Kwetu siku hiyo kijana anakuja mwenyewe na wazee wake. Usipoonekana, umewatukana.

Wiki hiyohiyo Biharamulo wakaniita. Vijiji vyao vilipata mashine kama yetu, wakataka maelezo yangu yadurufiwe. Alhamisi nikamaliza kupiga stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia. Nyota moja ilikuwa imeteleza pembeni, kama upana wa punje ya mtama. Nje, lori la kurudi Ngara linapiga honi.

Utingo akaita, "Mwalimu, panda! Wakwe hawali nyota!"

Nikamwambia watangulie. Yule bwana wa ofisi ya wilaya hakunilazimisha, wakuu. Sifa zilinilevya.

Ijumaa nyota zikanyooka kama askari wa gwaride. Natoka kutafuta gari, hakuna. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza, magari yamechukuliwa kubeba wanajeshi. Nikapakiwa baiskeli mpaka Nyakanazi, nikakaa njia panda. Kila lori lililopita lilikuwa limejaa vijana wanaoimba, linaelekea nilikotoka. Nami nawapungia na kuwashangilia kama mwendawazimu, huku Jumamosi yangu inapita.

Nilifika nyumbani Jumatatu, miguu imevimba. Baba akanieleza. Walikwenda Mugoma wakitumaini nitatokea. Utingo alikuwa ameshafikisha habari, na mzee wake Domitila akasema mbele ya wote, "Kijana anayepanga nyota wakwe wamekaa, siku mtoto akiugua atapanga mwezi."

Watu wakacheka, wakanywa pombe yetu yote, posa ikafia pale.

Na maelezo je? Hakuna kijiji hata kimoja kilichotazama kama nyota zimenyooka. Mashine ziliwaka tu.

Kwa hiyo andikeni maelezo mtu ayaelewe. Akishaelewa, fungeni kazi mwende nyumbani. Nanyi mnaoshindwa kuacha kurekebisha kitu ambacho tayari kinafaa, shukeni hapa chini mseme kimewagharimu nini.

Mimi nilimkosa Domitila. Aliolewa na mtu mwingine mwaka uliofuata, nami sikuoa.