Karani wa Njoo Kesho

Karani wa ofisi ya ardhi ana vidole virefu, vyembamba, vinavyopita juu ya majalada kama vinaogopa kuyaamsha. Kabla ya kusema lolote hulamba kidole gumba, hufuta miwani kwa ncha ya tai, ndipo hutoa ile sauti yake laini, laini hata nzi wa dirishani husinzia: "Njoo kesho, mama." Kesho alizowagawia watu, haki ya nani, ukizipanga foleni zitafika mwaka ambao mbuzi watavaa viatu. Mjane mmoja amezibeba miaka tisa, na leo amekuja na mkeka wake kabisa, maana shemeji yake ameapa kulilima shamba la mjane huyo Jumatatu iwapo hataonyeshwa hati.

Lakini siku hizi majalada yamehamia kwenye kompyuta, na ukutani kuna tangazo: kila mtu ahudumiwe siku hiyo hiyo. Karani akalamba kidole, akafuta miwani, akabonyeza. Mashine ikanguruma kama paka aliyeshiba, ikatema hati yenye jina la mjane, ingali na joto. Mjane akaigusisha shavuni, kisha akarudi kuketi. Vumbi likaelea juani polepole, kama halina haraka ya kutua.

"Mbona huendi, mama?"

"Nangoja uniambie nije kesho, baba."

Karani akainuka, akatoka nyuma ya meza, yeye ambaye wengi walikuwa wakiapa hana miguu, akamfungulia mlango mwenyewe.

"Wahi ukalime, mama. Mvua inakuja."