Fomu ya Kuzamia

Safari ya kwenda kuzamia baharini ilikuwa wazo la mume wangu. Mimi siku hizo sikuwa na wazo lolote. Nilifundisha, nikasahihisha madaftari, nikapika, nikalala, na katika hayo yote sikusikia uchungu wala raha. Yeye alikaa sebuleni kwetu Kitengela akipanga ratiba nyuma ya kalenda ya kanisa: treni, chumba, siku mbili za mafunzo, siku ya tatu matumbawe. Aliniuliza kama nataka chumba kinachotazama bahari. Nikamwambia chochote.

Asilolijua ni kwamba kila mwisho wa mwezi nilikwenda Kajiado mjini kuchukua dawa za huzuni. Kitengela zipo, lakini mwenye duka la dawa tunaimba naye kwaya. Huimba sauti ya pili, ila kwa habari za watu yeye ndiye wa kwanza. Kwa hiyo nyumbani niliaga kwamba naenda kwa fundi wa nguo. Fundi wa ajabu huyo, maana mwaka mzima sikurudi na hata blauzi moja. Mume wangu hakuuliza, nami nikashukuru kwamba hakuuliza.

Jumapili moja, tulipomaliza kula, fomu ya afya ilifika kwenye simu yake. Akavaa miwani, akaanza kunisomea kama karani wa sensa.

"Pumu?"

"Hapana."

"Kifafa?"

"Hapana."

"Masikio?"

"Yako tu sawa."

"Dawa za akili?" Akacheka, akabonyeza jibu mwenyewe. "Hiyo hatuko nayo kwa hii nyumba."

Nilikuwa nimeshika sahani. Niliipeleka jikoni nikaiosha. Maji yetu ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu, kwa hivyo nilikaa pale muda mrefu na hakuna aliyeshangaa. Hofu ilikuwapo, lakini ilikuwa mbali, kama redio ya jirani. Nilijua tu kwamba akijua, atanitazama kwa macho mengine, na sikuwa na nguvu za kutazamwa.

Mafunzo kwenye bwawa la hoteli yalikwenda vizuri. Mwalimu wetu, mtu wa pwani mwenye subira, alitufundisha kupumua kwa mdomo na kutobana pumzi kamwe. Mume wangu alimeza maji mara nne, na kila alipoibuka alinigeukia kuona kama nimecheka. Nilijaribu. Nadhani alijua kwamba najaribu.

Siku ya matumbawe, tukiwa ndani ya boti na mitungi ya hewa mgongoni, mwalimu alitoa fomu zetu.

"Nawauliza kwa mara ya mwisho, maana huko chini hatuwezi kuzungumza. Kuna anayetumia dawa yoyote?"

Nikawaza kwamba nikizimia chini ya maji, huyu mtu wa watu ndiye atakayelaumiwa.

"Mimi," nikasema. "Za huzuni. Mwaka sasa."

Mwalimu hakushtuka. "Pole, dada. Si kosa. Ila bila barua ya daktari sitakushusha leo." Akanifungulia mikanda.

Nilimwambia mume wangu aende. Akatikisa kichwa, akavua mtungi wake pia. Mwalimu akashuka na wageni wengine wawili, tukabaki sisi na nahodha, aliyejitia kushughulika na kamba.

"Hizo dawa unachukua wapi?" mume wangu akauliza.

"Kajiado."

"Kwa fundi?"

"Hakuna fundi."

Aligeukia upande wa maji. Mapovu ya wale waliozamia yalikuwa yakipanda kando ya boti, nasi tukayatazama wote wawili. Kisha akafuta uso kwa viganja, ingawa hakuwa ameingia majini.

"Mimi nilidhani uko na mtu huko," akasema. "Nikasema wacha nikupeleke mahali pazuri. Pengine utanirudia."

Mwaka mzima alikuwa amelala kando yangu akiamini hivyo. Kila asubuhi alinichemshia maji ya kuoga, na kila mwisho wa mwezi alinisindikiza hadi langoni akaniambia nimsalimie fundi.

Machozi hayakuja. Lakini kitu kilinichoma kifuani, hapa, chini kidogo ya koo, kikakaa. Nikamshika mkono nikauweka hapo hapo.

"Hiyo," nikamwambia, "nimeisikia."