Chokaa ya Mpita Njia

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi katika kijiji cheupe kusini mwa Hispania, mwanamke mzee aliponiwekea ndoo ya chokaa miguuni, nami nikairuka nikaenda zangu kutazama ngome.

Shule niliiacha darasa la sita, si kwa shida bali kwa kuwashwa na miguu. Kwetu Kigoma husemwa mtembea bure si sawa na mkaa bure, nami katika methali hiyo nilishika kutembea tu. Nikateremka hadi pwani, meli ya mizigo ikanifikisha Andalusia, huko kusini mwa Hispania, nikashuka, nikawa kibarua mashambani. Nyumba za vijiji vile zimepandana mlimani, zote nyeupe, na mitaa ni myembamba hivi kwamba punda akipita wewe unajibanza mlangoni kwa mtu. Waliopanga mitaa hiyo ni Waislamu waliotawala huko zamani, kabla hawajafukuzwa. Kila Jumapili nilizunguka kijiji hiki na kile. Hapa mnara wa kanisa ambao chini yake ni mnara wa msikiti, pale chemchemi ya mawe, kule tao la lango la mji. Nilipapasa kila jiwe kama mtu anayetaka kulinunua.

Chumba nilipanga kwa mjane aitwaye Encarna, ndiye huyo wa ndoo. Ni desturi yao kwamba kabla ya sikukuu ya kijiji kila mwenye nyumba hupaka chokaa upya upande wa mtaani. Tabaka juu ya tabaka, vizazi kwa vizazi, hata pembe za kuta zimekuwa za mviringo kama mkate. Mwaka ule goti la Encarna lilikataa ngazi. Na mwanawe wa pekee, aliyeishi mjini, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba siku atakayokuta ukuta mchafu atajua mama hawezi tena kukaa peke yake. Atamchukua, na nyumba itauzwa. Encarna hakutaka kufia ghorofani mjini.

Niliporudi jioni ya siku ile kutoka ngomeni, ndoo ilikuwa palepale, naye amekaa kwenye kiti mlangoni.

"Mtalii, umeona nini leo?" Hivyo ndivyo alivyozoea kuniita.

Nikamsimulia visima vya ngome na ukuta uliobaki nusu.

"Na ukuta huu ambao wewe unalala nyuma yake, umeuona?"

"Mama, mimi si wa hapa. Kazi ikiisha naondoka."

"Na hao Waarabu unaowafuata kwenye magofu, wako wapi?"

"Waliondoka."

"Waliondoshwa. Na maji ya mfereji wao ndiyo uliyonawia asubuhi. Babu yangu naye alikuja kuchunga mbuzi wa watu, akasema anapita. Mtaa huu wote umejengwa na wapita njia, mtalii. Wewe unawatazama tu."

Hakupandisha sauti. Aliinuka, akaingia jikoni, akanipakulia chakula kama siku zote, na hilo liliniuma kuliko maneno. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimelala pale miezi, na jembe nilipewa nikaliruka.

Kesho yake nilipanda ngazi. Encarna akaniongoza kwa fimbo kutoka kitini: juu, kushoto, hapo umeruka. Fundi viatu wa ng'ambo ya mtaa akatoka kutazama.

"Encarna, Mwafrika wako atakuwa mweupe kabla ya ukuta."

"Na wewe utabaki mvivu hata baada ya ukuta," akajibiwa.

Chokaa ilinichubua vidole. Tena chokaa mbichi haionekani. Ukuta ulibaki wa kijivu nikadhani nimeuharibu, mpaka ulipokauka ndipo weupe ukajitokeza.

Siku ya sikukuu mwana akaja. Akasimama mbele ya ukuta, akapitisha kidole, akakitazama.

"Mama, umepanda ngazi?"

"Nimesimamia."

Akaiangalia mikono yangu. "Na mwakani?"

"Mwakani ni mwakani. Ingia ule."

Alikula, akacheza karata na wazee, akarudi mjini peke yake. Mimi niliondoka majira ya baridi yalipoingia. Aliyepaka mwaka uliofuata simjui, wala sijui kama alipatikana. Najua tu kwamba mwaka ule Encarna alilala kitandani mwake.

Nayasema haya kwa ajili yenu mlioko huku Marekani. Miguu ilinifikisha huku nami: nimekaa Louisville, nikakaa Columbus, sasa niko Buffalo, mitaa ya Lower West Side. Majuzi kijana wa Kirundi, Elia, aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, alinikaribisha kwake Reynoldsburg, karibu na Columbus. Dirisha halina pazia, maboksi hayajafunguliwa. Mlango wa pili anakaa mama wa Kivu ambaye hupandisha gunia la unga ngazini peke yake, naye Elia humpita akiwa na muziki masikioni.

"Jirani yako anaitwa nani?"

"Sijui, mzee. Mimi hapa napita tu. Louisville kuna ghala linalipa vizuri."

"Na ukifika Louisville?"

"Nako tutapita."

Tulicheka wote wawili. Sina haki ya kumsema sana. Nimepita mitaa mingi kuliko yeye.

Mwanangu, sikukatazi kuhama. Kazi ikikuita, nenda. Lakini jua kwamba popote unapolala zaidi ya usiku mmoja, pana ukuta unaokungoja. Huku hatupaki chokaa. Huku ni kuzoa theluji kwenye ngazi mnazokanyaga wote, ni kumpokea mama gunia lake, ni kujua jina la aliye nyuma ya ukuta wako. Usingoje kuwa mwenyeji ndipo ushike kazi. Anayengoja hivyo huzeeka akiwa mgeni kila mahali. Na ukipata nafasi ya kwenda kutazama mambo ya kale, nenda, yanafunza. Ila kumbuka kwamba mengi unayoyasifu yaliachwa na watu waliokuwa na safari kama wewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, utazame.

Mungu akupe miguu mizima, na mlango wa kubisha hodi kila uendako. Na mtaa utakaouacha, atakayekuja baada yako aukute unakalika. Amina.