Ripoti ya mauzo ilitoka na maneno niliyomwandikia mama

Habari za leo admin. Nimezoea kusoma visa vya wenzangu hapa na kutoa ushauri kama najua sana, leo ni zamu yangu. Jina langu baki nalo wewe, maana kuna watu wa kazini kwetu wanaufuata ukurasa huu.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na nne, sina mume wala mtoto, nimepanga Ukonga. Kwetu ni Njombe. Nachambua takwimu za mauzo kwenye kampuni inayosambaza dawa kwa maduka ya Kinondoni na Temeke. Zamani tulikuwa na ofisi Mikocheni, tunagombania feni na kuagiziana chapati. Bosi akaona pango limekuwa kubwa, akaiachia ofisi, kila mtu akaambiwa afanyie kazi kwake. Wenzangu walishangilia. Wao wana watu nyumbani, mimi nina friji linalonguruma, ila nikashangilia nao.

Mama yangu alikuwa ananipigia kila jioni, na lazima aulize nimekula nini. Alifariki mwaka jana. Baada ya msiba nikaanza tabia moja ya ajabu kidogo. Kazi yangu naifanyia kwenye faili lenye hesabu, maelezo na chati kwa pamoja, wenyewe tunaliita notibuku. Kila nikifungua jipya, badala ya kuliita "mauzo", naliita kile ambacho ningemwambia mama. "Mama leo nimepika makande." "Mama mvua imeingia ndani." Niliamini hakuna anayeyaona zaidi yangu, kwa sababu kinachotumwa kwa watu ni PDF, na hiyo PDF naipa jina la heshima kabla ya kuituma.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ukitoa PDF kutoka kwenye notibuku bila kuandika kichwa ndani ya mipangilio yake, yenyewe inachukua jina la notibuku na kulibandika juu ya ukurasa wa kwanza, kwa maandishi makubwa. Ukiibadilisha jina PDF baadaye, kile kichwa cha ndani hakibadiliki. Faili letu la zamani alilitengeneza mwenzetu aliyeshaacha kazi, na kichwa alishakiweka, mimi nikawa nanakili tu. Mwezi uliopita kompyuta yangu ilikufa, nikaanza faili upya, na kichwa sikukiweka maana sikujua hata kama kipo.

Juzi nikairudia ripoti ya Temeke kutafuta chati fulani. Nafungua ukurasa wa kwanza, nakuta: "Mama Jumapili nzima sijaongea na mtu." Chini yake tarehe, halafu mauzo ya dawa za mafua. Ripoti ilikuwa imeshakwenda kwa kila mtu kazini tangu wiki mbili nyuma.

Nikakimbilia kwenye grupu letu la kazini kuangalia walisema nini. Bosi aliandika, "Nimeipitia mstari kwa mstari, kazi safi sana." Wengine wakaweka dole gumba. Nikajifariji kwamba hawakuifungua, kama kawaida yao. Ili nijue ukweli nikampigia Neema, ambaye tulikuwa tunakaa naye meza moja Mikocheni.

"Neema, ile ripoti ya Temeke uliifungua?"

"Niliiona, sista. Wote tuliiona."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tuliogopa kukuaibisha. Mie nikasema hayo ni mambo yako binafsi, nisije nikaonekana mmbea. We rekebisha tu kichwa, yaishe."

Jamani, nililia. Yaani watu walisoma kwamba mwenzao Jumapili nzima hajaongea na mtu, wakaweka dole gumba. Hata "mambo vipi" ya kwenye simu hakuna aliyenitumia. Nina hasira, lakini hasira yenyewe sijui ni ya nani, maana na mimi sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba niko mpweke. Wakiniuliza hali naandika "niko poa" na kikatuni cha kucheka.

Kichwa nimesharekebisha. Ni kazi ndogo tu, unaingia kwenye mipangilio ya notibuku unaandika unachotaka kisomeke. Ripoti ya Ijumaa itatoka safi, "Mauzo ya Dawa, Temeke", na Neema akiifungua atapumua, ataona nimeshakaa sawa.

Lakini sijakaa sawa, na Jumapili nyingine inakuja. Tangu asubuhi nimeandika ujumbe kwa Neema, nimeufuta, nimeuandika tena. Msiniambie niende kanisani nitapata watu, naenda, tunapeana mikono ya amani tunaachana getini. Nishaurini ndugu zangu, mtu mzima anaanzaje kumwambia mwenzake, njoo ukae na mimi?