Mama Wawili na Ndege Mbili

Mwaka ule mama zangu walipoamua kwenda Hija kwa ndege, mahujaji wengi wa Bagamoyo walikuwa bado wanakwenda kwa meli. Nasema mama zangu kwa sababu nilikuwa nao wawili: aliyenizaa, na Bi Mkubwa, mke wa kwanza wa marehemu baba. Baba alipofariki hawakuhama. Waliendelea kuishi nyumba moja karibu na msikiti, mlango ukitazamana na mlango, ua mmoja katikati, na kila mmoja na jiko lake.

Meli, yenye kuchukua wiki nyingi, waliikataa mapema kwa ajili ya macho ya Bi Mkubwa. Yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kila mwezi ukungu ulizidi. "Nataka kuiona Al-Kaaba," alisema, "si kuelezwa." Hilo halikuwa na mjadala. Kilichobaki ni kuchagua ndege.

Maharimu wao, yaani mwanamume wa kuwasindikiza, nilikuwa mimi, na hawakuwa na mwingine. Kwa hiyo nilipanda basi hadi Dar es Salaam, nikaingia katika ofisi za mashirika mawili ya ndege, nikauliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, nikarudi na vikaratasi vya picha. Kimoja kilikuwa na ndege ya buluu, kingine ndege nyekundu. Nauli zilikaribiana. Ya buluu ilikuwa na injini nne na ilipitia Nairobi na Khartoum. Nyekundu ilikuwa na injini mbili. Hiyo ilitua Tanga, ikatua Mombasa, ikatua kwingine kwingi hadi Adeni, ambako abiria walilala hotelini kabla ya kuendelea Jiddah.

Niliwaeleza haya uani, kila mmoja amekaa kwenye kizingiti chake.

"Injini nne," alisema Bi Mkubwa. "Moja ikifa, zinabaki tatu za kuisomea hitima."

"Mie nataka ile inayotuatua," mama akajibu. "Ndege inayotua kila mara inajua ardhi iko wapi."

"Tanga, Bi Mdogo? Ukitaka kwenda Tanga si upande lori!"

"Na wewe pita Nairobi na baridi ile. Utashuka Jiddah umeganda kama samli."

Nilicheka, nikidhani ni utani wao wa kila siku. Lakini wiki ikapita na hakuna aliyelegeza. Nikamwendea mwalimu wa chuo cha Kurani kumwuliza kama sheria inapendelea njia mojawapo. Akaniambia kwamba Adeni tutaoga na kuvaa ihramu, na Khartoum vilevile tutaoga na kuvaa ihramu. "Ugomvi wa ua wenu," akaongeza, "usiniletee mimi."

Habari zikafika kutoka Dar es Salaam kwamba viti vinakwisha, vya buluu na vya nyekundu. Niliwaambia wazi kuwa mimi ni mmoja, sikatiki vipande, kimoja kipite Nairobi na kingine Adeni. Wasipoafikiana, hakuna atakayekwenda, na mwakani macho ya Bi Mkubwa hatuyajui.

"Mwambie mama yako," alisema Bi Mkubwa.

"Mwambie Bi Mkubwa wako," alisema mama.

Wakati huo wote wawili walikuwa uani, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

Na katikati ya mvutano huo walianza kuomba radhi. Kwetu anayekwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wamsamehe, ili asiende huko na vinyongo vya majirani mgongoni. Mama alishika mitaa ya pwani, Bi Mkubwa upande wa sokoni. Mama alifika hadi Mapinga kwa binamu yake waliyegombana naye kwa ajili ya jogoo. Bi Mkubwa alipelekwa Fukayosi kwa mkulima wa muhogo ambaye hata kosa lenyewe hakulikumbuka. Watu wakaamini kwamba safari iko tayari. Wakaanza kuleta salamu za kupeleka Madina na kuagiza tende. Mji mzima ulikwisha kuwaaga mahujaji wasio na ndege.

Mwishowe kila mlango ulikuwa umepigwa hodi, ila mmoja, na huo ulikuwa ng'ambo ya ua. Desturi humtaka mdogo amwendee mkubwa. Mama alilijua hilo, na Bi Mkubwa alijua kwamba mama analijua.

Asubuhi moja nilikuwa kisimani, pale uani, napiga mswaki. Mama alitoka jikoni na sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa, amevaa buibui kamili kana kwamba anakwenda mtaa wa mbali. Akavuka ua.

"Hodi, Bi Mkubwa."

"Karibu. Buibui la nini, umefiwa?"

"Nimekuja kuomba radhi. Tumeishi miaka mingi, nami nimekusema mbele na nyuma. Unisamehe."

Bi Mkubwa aliipokea sahani. "Nyuma zaidi," alisema. "Mbele ulikuwa unaniogopa."

Wakacheka wote wawili.

"Nimekusamehe, duniani na akhera. Nawe unisamehe. Ile sufuria uliyoitafuta ninayo mimi."

"Najua. Huiona nikipita."

Nikashusha pumzi, nikidhani mambo yamekwisha.

"Basi tutapanda nyekundu yako," alisema Bi Mkubwa.

"Hata! Tutapanda ya buluu. Macho ni yako, safari ni yako."

"Nimeshasema nyekundu. Unataka nikunyang'anye radhi niliyokupa?"

"Na wewe unataka nipande nikijua nimekushurutisha?"

Vitumbua vikapoa. Sasa kila mmoja aliipigania ndege ya mwenzake, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Nikawaendea na mswaki mkononi.

"Tutakwenda kwa nyekundu," nikasema, "na tutarudi kwa ya buluu."

"Na nani kakuuliza?" alisema mama.

Lakini hakuna aliyekataa. Kabla ya adhuhuri nilikuwa ndani ya basi.

Siku ya safari, ndani ya ndege nyekundu, tulikuta viti vimepangwa viwili viwili. Nilisimama njiani nikiwaza nikae na yupi ili mwingine asinune. Mama alikuwa amekwisha kumsogeza Bi Mkubwa dirishani.

"Wewe kaa kule nyuma," Bi Mkubwa aliniambia. "Tuna mazungumzo yetu."

Nikakaa nyuma yao. Ndege ilipoinama kutua Tanga, mama alimshika mwenzake mkono.

"Umeiona ardhi?" aliuliza.

"Naiona," alisema Bi Mkubwa. "Fumbua macho, Bi Mdogo, nawe uione."